Kutibu Ukoka Uliodhoofika katika Viwanja vya Tanga

Kuanzia mwishoni mwa Januari, upepo wa kaskazi ukiwa bado unavuma na masika yakiwa hayajakaribia, viwanja vingi vya Raskazone, Sahare na Chumbageni huanza kupoteza rangi yake ya kijani. Sehemu moja hugeuka njano, nyingine hukauka kwa mabaka, na pembezoni mwa kuta huchomoza magugu yanayostawi katika jua lile lile linaloudhoofisha ukoka. Mwenye nyumba, kwa uchungu wa kuona kazi ya miaka ikipotea, huenda duka la pembejeo, hununua urea, huirusha kwa mkono na kumwagilia maji kidogo jioni. Baada ya siku nne ukoka umeungua. Nimeitwa mara nyingi kutazama viwanja vya namna hiyo, na karibu kila mara nimekuta kwamba tatizo la awali lilikuwa dogo kuliko madhara yaliyoletwa na tiba.

Maelezo yanayofuata yanahusu ardhi ya mji wa Tanga na pwani yake, yaani ardhi iliyokaa juu ya mawe ya chokaa na matumbawe, yenye mchanga mwingi, na inayopata mvua zake kubwa kati ya Machi na Mei, kisha mvua za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, au hata kwa ajili ya Lushoto, hayawezi kuhamishiwa huku kama yalivyo. Moja kati ya hayo, lile la kunyunyiza chokaa kila mwaka, linaweza kukiharibu kabisa kiwanja cha Tanga, na sababu yake nitaieleza hapa chini.

Kagua kabla ya kununua dawa

Chukua kisu kikali na ukate kipande cha ukoka chenye upana wa sentimita 30 kwa 30, si katikati ya baka lililokufa bali kwenye mpaka wake, mahali ambapo majani mazima yanakutana na yaliyougua. Katikati ya baka mharibifu huwa ameshaondoka. Mpakani ndipo anapofanya kazi. Kiinue kipande hicho taratibu, kama mtu anavyoinua pembe ya mkeka, kisha utazame mambo manne: mizizi imeshuka kiasi gani, udongo una unyevu hadi wapi, kuna wadudu gani, na kati ya majani ya juu na udongo kuna tabaka la mabua makavu lenye unene gani. Ikiwa kipande kimeinuka chenyewe bila kisu kukata mizizi, mizizi imeliwa. Ikiwa mizizi ni mizima lakini imeishia sentimita 3 au 4 tu, ukoka umezoeshwa maji ya juu juu, au ardhi ni ngumu kiasi kwamba mizizi haipenyi. Kirudishe kipande mahali pake, ukikanyage, na ukimwagilie, kitashika tena.

Jambo la pili ni kuupima udongo kwa ndimu. Chukua udongo mkavu kutoka kina cha kidole kimoja, uweke kwenye kisahani, na ukamulie ndimu au umwagie siki. Udongo ukitoa mapovu na kuchemka kidogo, una chokaa. Katika viwanja vingi nilivyopima karibu na bahari, na pia upande wa Pongwe ambako mawe ya chokaa huchimbwa kwa ajili ya saruji, mapovu hutokea papo hapo. Kipimo hiki hakikupi namba, lakini kinakwambia ni mbolea gani uinunue na ipi uiache dukani. Anayehitaji namba achukue udongo kutoka sehemu kumi au kumi na tano za kiwanja, kina cha sentimita 10, auchanganye katika ndoo safi, auanike kivulini, na aulizie upimaji TARI Mlingano wilayani Muheza, kituo cha utafiti wa kilimo kinachojulikana kwa kazi yake ya udongo na mkonge.

Ujue pia ukoka ulio nao, kwa kuwa tiba ya aina moja inaweza kuwa sumu kwa nyingine. Ukoka wa kawaida wenye majani membamba, ambao wataalamu huuita Cynodon dactylon, hutambaa juu na chini ya ardhi, huvumilia ukame na kukanyagwa, lakini hauvumilii kivuli. Unataka jua kwa saa sita au zaidi kwa siku. Ule wenye majani mapana na mashina manene, ambao wengi pwani huuita wa Pemba, huvumilia kivuli cha wastani, hutambaa juu tu, na hukasirishwa na kukatwa chini sana. Aina ya tatu ni paspalamu ya ufukweni, ambayo huvumilia chumvi kuliko zote mbili. Nyasi nene na laini zinazopendeza katika bustani za milimani Lushoto hustawi kwa sababu ya baridi ya kule, na ukizileta Tanga mjini zitakusumbua kila kiangazi.

Ukoka wa njano

Njano ndiyo malalamiko ninayoyasikia zaidi, na ndiyo inayotibiwa vibaya zaidi, kwa sababu watu wengi huamini kwamba kila njano ni njaa ya mbolea. Inama utazame ni majani gani yaliyoanza kugeuka. Ikiwa majani ya zamani, yaliyo chini, ndiyo yaliyotangulia, na kiwanja kizima kinakua polepole, ukoka umekosa naitrojeni. Lakini ikiwa majani ya zamani bado ni ya kijani huku machipukizi mapya yakitoka ya njano, na ukiyatazama kwa karibu unaona mistari ya kijani na njano ikikimbia kwa urefu wa jani, basi kilichokosekana ni madini ya chuma. Chuma chenyewe mara nyingi kipo ardhini, lakini chokaa iliyo katika udongo wetu hukishikilia katika hali ambayo mizizi haiwezi kukinywa.

Hapa ndipo hatari ya chokaa inapoonekana. Katika nchi zenye udongo mchachu, chokaa hupunguza uchachu na nyasi hunawiri. Udongo wa Tanga pwani hauna uchachu wa kupunguzwa. Kuongeza chokaa ni kukifungia chuma mlango ambao tayari umefungwa. Jivu hufanya vivyo hivyo. Nawasihi wote wanaomwaga jivu la jikoni juu ya ukoka, wakiamini ni mbolea ya bure, na wale wanaochoma taka pembeni mwa kiwanja na kuyatawanya mabaki yake, waache, hasa ikiwa udongo wao ulitoa mapovu kwa ndimu. Mafundi wa ujenzi nao huacha tabu ya namna hiyo: mahali walipochanganyia saruji au kumwagia chokaa ya kupaka ukuta, ukoka utakuwa wa njano kwa miaka. Pachimbe hapo kwa kina cha sentimita 15 au 20, utoe udongo ule na kuleta mwingine.

Kwa njaa ya naitrojeni, mbolea ninayoichagua kwa udongo wa chokaa ni salfeti ya amonia, ile inayouzwa kwa jina la SA. Ina asilimia 21 ya naitrojeni pamoja na salfa, na huongeza uchachu kidogo karibu na mizizi, jambo ambalo kwetu ni faida. Kilo 2 na nusu zinatosha eneo la mita za mraba 100 kwa mara moja. Urea ina asilimia 46, kwa hiyo kilo 1 tu inatosha eneo hilo hilo. Ikimwagwa juu ya udongo wa chokaa bila kuzamishwa kwa maji, sehemu ya naitrojeni yake hugeuka hewa na kupotea, na punje zinazobaki juu ya majani huyaunguza. Vyovyote utakavyochagua, pima kwa mizani, usikadirie kwa kiganja.

Namna ya kuitia ni hii: hakikisha udongo una unyevu lakini majani ni makavu. Changanya mbolea na mchanga mkavu wa mto mara mbili au tatu ya ujazo wake, ili mkono uweze kuisambaza sawasawa. Gawa mchanganyiko huo mafungu mawili. Fungu la kwanza ulirushe ukitembea toka mashariki kwenda magharibi, la pili toka kaskazini kwenda kusini. Kisha mwagilia mara moja, mpaka hakuna punje inayoonekana juu ya jani. Wakati mzuri ni baada ya mvua za kwanza za masika kutulia, na tena mwanzoni mwa vuli. Usitie mbolea wakati ukoka umelala kwa ukame, wala siku ambayo mawingu yanaashiria mvua kubwa, kwa maana mchanga wetu hauishiki mbolea, na maji mengi yataishusha chini ya mizizi kabla haijanyonywa.

Kwa upungufu wa chuma, tafuta salfeti ya chuma, uyeyushe gramu 60 hadi 100 katika lita 10 hadi 15 za maji, na unyunyize kwa bomba la mgongoni juu ya majani ya eneo la mita za mraba 100, jioni jua likiwa limepoa. Ukiitia ardhini itafungwa na chokaa kama chuma kilichokuwamo tayari, kwa hiyo njia ya jani ndiyo yenye manufaa. Rangi hurudi baada ya siku chache, nawe rudia baada ya wiki tatu au nne. Iepushe na sakafu na kuta, kwa sababu huacha madoa ya kutu yasiyotoka.

Tiba ya muda mrefu ya hali zote mbili ni samadi. Tanga ina ng'ombe wengi wa maziwa wanaofugwa ndani, na samadi yao hupatikana bila shida. Iache ioze kabisa kwa miezi mitatu au minne, ichekeche, kisha itandaze kwa unene wa nusu sentimita, ambao ni kama madebe 25 ya lita 20 kwa mita za mraba 100, na uisugue kwa reki hadi majani ya ukoka yaonekane tena juu yake. Samadi ya kuku isiyooza ina ukali na chumvi, na hapa pwani chumvi tunayo ya kutosha.

Chumvi

Kiwanja kilicho karibu na bahari hupata chumvi kwa njia tatu: upepo, mchanga wa ufukweni uliotumika kusawazishia, na maji ya kisima. Njia ya tatu ndiyo mbaya zaidi. Kisima kilicho karibu na bahari kinapovutwa sana wakati wa kiangazi, maji yake matamu hupungua na maji ya bahari husogea kuchukua nafasi. Mtu anayemwagilia kila siku kwa maji hayo huona ukoka unazidi kukauka, naye huongeza maji. Dalili yake ni ncha za majani kuungua na kuwa za kahawia huku sehemu ya chini ikibaki ya kijani, na wakati mwingine utando mweupe juu ya udongo asubuhi ikianza kupata joto. Yaonje maji ya kisima kwa ncha ya ulimi kisha uyateme. Maji unayoyasikia chumvi yataudhuru ukoka wa kawaida ukiyatumia kwa muda mrefu.

Chumvi haitibiwi kwa dawa, huoshwa. Tumia maji ya bomba au ya mvua, umwagilie kwa wingi mara moja, kiasi cha milimita 50 au zaidi, taratibu, ili maji yashuke na kuisukuma chumvi chini ya mizizi. Maji machache ya kila siku huibakiza chumvi pale pale juu, kwa sababu jua huyapandisha na kuyakausha. Kama kisima ndicho chanzo chako pekee, panga kukitumia kwa mwagilio mzito wenye nafasi ndefu, na uyaachie masika yafanye kazi ya kuosha. Na kama kila mwaka unapigana vita hii hii mita chache kutoka ufukweni, shauri langu ni kubadilisha ukoka na kupanda paspalamu. Ni gharama ya mara moja, nawe utaacha kulazimisha jambo ambalo mahali pamelikataa.

Mchanga wa kusawazishia uwe wa mto. Ule wa ufukweni una chumvi, na vipande vya makombe vilivyomo ni chokaa.

Maji

Katika miezi ya joto, ukoka wa Tanga unahitaji takriban milimita 25 za maji kwa wiki, pamoja na mvua kama ipo. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mita za mraba 100 zinahitaji lita 2,500 kwa wiki, yaani nusu ya tangi la lita 5,000. Naitaja hesabu hii waziwazi kwa sababu watu wengi hupanda ukoka mkubwa kuliko maji waliyo nayo. Ni heri mita 50 zilizotunzwa mbele ya baraza, na sehemu iliyobaki ikapandwa maua yanayostahimili ukame au ikatandazwa kokoto, kuliko mita 200 ambazo kila Februari hugeuka vumbi.

Ili kujua mpira wako unatoa kiasi gani, weka makopo matatu au manne yaliyonyooka kuta zake juu ya ukoka, mwagilia kwa robo saa, na upime kwa rula kina cha maji yaliyoingia. Gawa kiasi cha wiki katika mara mbili, au tatu ikiwa udongo wako ni mchanga mtupu. Lengo ni maji yafike kina cha sentimita 15. Bisibisi ndefu ikizama bila kulazimishwa hadi hapo, yamefika. Mwagilia alfajiri au mapema asubuhi. Jioni majani hulala yameloa usiku kucha katika joto, na kuvu hupata nafasi; mchana jua na upepo huchukua sehemu kubwa ya maji.

Dalili ya kiu ni nyayo. Ukipita juu ya ukoka wenye maji ya kutosha, majani huinuka nyuma yako. Wenye kiu hubaki na alama za miguu, na rangi yake huelekea bluu ya kijivu. Mwagilia siku hiyo. Ukishapita hapo na kuwa wa kahawia, usikate tamaa haraka, kwa sababu ukoka wa kawaida hulala ukame unapozidi. Vuta shina moja: likishikilia na sehemu yake ya chini ikiwa nyeupe na ngumu, liko hai.

Kukata

Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkato mmoja. Ukoka wa majani membamba unakaa vizuri kwenye sentimita 3 hadi 4, wa majani mapana kwenye sentimita 6 hadi 8. Wakati wa masika hii ina maana ya kukata kila wiki, na wakati wa kiangazi huenda mara moja kwa wiki tatu. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kuuacha ukoka ukue hadi magotini, kisha kumwita kijana mwenye fyekeo aufyeke hadi udongo uonekane, "ili usiote haraka". Mashina yaliyokaa kivulini kwa wiki nyingi hupigwa na jua ghafla na kuungua, mizizi hujifupisha, na mbegu za magugu zilizokuwa zimelala hupata mwanga ziliokuwa zikiusubiri. Ukoka uliorefuka ushushwe kwa mikato mitatu, siku nne au tano kati ya mkato na mkato.

Noa kisu cha mashine. Kisu butu huchana jani badala ya kulikata, na siku mbili baadaye kiwanja kizima huwa na weupe wa ncha zilizochanika ambao watu huudhani ni ugonjwa. Vipande vifupi vilivyokatwa viache pale pale. Huoza na kurudisha mbolea. Vikiwa virefu na vimerundikana, vikusanye.

Ardhi iliyoshikana

Viwanja vyetu ni mahali pa watu. Turubai la harusi au la msiba husimama siku tatu, viti mia mbili vikikandamiza ardhi, na gari hugeuzwa hapo hapo kwa kukosa nafasi. Hakuna ubaya katika hilo, ila ardhi iliyokanyagwa hivyo inahitaji kufunguliwa. Baada ya shughuli, mwagilia kwa wingi, subiri siku moja au mbili, kisha choma ardhi kwa jembe uma ukilichomeka wima, kina cha sentimita 8 hadi 10, tundu moja hadi jingine sentimita 10 au 15. Tandaza mchanga wa mto uliochanganywa na samadi iliyoiva, uusugue uingie katika matundu. Mahali pa njia, ambapo watu watapita kila siku hata ukiwakataza, tandika mawe bapa.

Ndago na magugu mengine

Kati ya magugu yote, ndago ndilo linalonichukulia muda mwingi. Wengi hulidhani ni ukoka kwa sababu majani yake yanafanana, lakini lizungushe shina lake kati ya vidole na utasikia pembe tatu. Shina la nyasi ni la mviringo. Chini yake kuna viazi vidogo vyeusi vilivyounganishwa kwa nyuzi kama tasbihi, na kila kimoja kinaweza kuota. Ukiling'oa kwa kuvuta majani, uzi hukatika, viazi hubaki, na baada ya siku chache panatokea machipukizi mengi kuliko uliyoyatoa. Ukililima kwa jembe, unalisambaza.

Njia ninayoiamini ni ya subira. Siku moja au mbili baada ya mvua, udongo ukiwa laini, ingiza kisu kirefu au kijembe chembamba kando ya shina hadi sentimita 15 au 20, inua bonge lote, na uvitoe viazi kwa vidole. Vianike juu ya sakafu juani hadi vikauke kabisa. Usivitupe kwenye shimo la mboji. Rudia kila baada ya wiki mbili au tatu, kabla majani mapya hayajafikia sita, kwa kuwa kuanzia umri huo mmea huanza kutengeneza viazi vipya. Wakati huo huo pandisha urefu wa kukata, kwa sababu ndago huchukia kivuli, na kausha mahali panapotuama maji kwa sababu hupapenda. Kazi hii huchukua misimu miwili au mitatu. Na usinunue udongo wa kujazia kabla hujaufukua kwa mkono: malori mengi ya udongo mweusi huingia mjini yakiwa na ndago ndani yake.

Kifauongo na mbigili ni rahisi zaidi. Ving'olewe vikiwa vichanga, kabla ya maua, kwa glavu. Mbigili una mzizi mmoja mrefu. Ukate chini ya taji lake, yaani pale majani yanapoungana na mzizi, nao hautarudi.

Kuhusu viuagugu, viko vinavyoua magugu ya majani mapana na kuziacha nyasi, kama vile vyenye 2,4-D, lakini ukoka wa majani mapana hudhurika navyo, havilitibu ndago, na mvuke wake ukichukuliwa na upepo hadi kwa jirani utaharibu mipapai, mihogo na nyanya zake. Glifoseti huua kila kitu cha kijani, pamoja na ukoka wenyewe. Ukilazimika kuvitumia, nunua chenye usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, usome lebo yote, upulize asubuhi isiyo na upepo, mbali na kisima, na uwazuie watoto, kuku na mbuzi kwa muda uliotajwa.

Wadudu

Kumwaga dawa ya wadudu bila kumwona mdudu ni kupoteza fedha na kuua wale wanaokusaidia. Changanya vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji katika lita 4 za maji, uyamwage juu ya mita moja ya mraba mpakani mwa baka, na usubiri dakika tano hadi kumi. Viwavi na chenene watapanda juu. Funza weupe waliojikunja, ambao ni watoto wa mbawakawa, hawapandi. Hao utawaona ulipoinua kipande kwa kisu. Wakiwa wawili au watatu katika kipande kile cha sentimita 30, ukoka wenye afya utawavumilia. Wakiwa watano au zaidi na mizizi imeliwa, tiba inahitajika.

Viwavijeshi huja baada ya mvua kuanza, na dalili yao ya mapema ni ndege: yangeyange na kunguru wakishuka kwa wingi kudonoa kiwanja asubuhi. Hula majani usiku na wanaweza kukimaliza kiwanja kwa siku chache, lakini hawali mashina ya ardhini, na ukoka hurudi. Nikiwawahi wakiwa wadogo, hutumia mbegu za mwarobaini: gramu 50 za mbegu zilizotwangwa kwa lita moja ya maji, hulowekwa usiku kucha, huchujwa kwa kitambaa na kupulizwa jioni, kwa kuwa jua huivunja nguvu yake haraka.

Mchwa hula kilichokufa kwanza. Wakionekana katikati ya ukoka, tafuta mbao za ujenzi zilizofukiwa, visiki, au tabaka nene la mabua makavu, uviondoe, na umwagilie. Tabaka hilo likizidi sentimita moja na robo, likwangue kwa reki ya chuma mwanzoni mwa masika.

Kuvu

Mabaka ya mviringo yanayopanuka wakati wa mvua, yakiwa na majani yanayooza sehemu ya chini na kutoka kwa kuvutwa kidogo, ni kazi ya kuvu. Acha kumwagilia jioni, acha naitrojeni kwa muda, punguza matawi ya mwembe au mkungu ili hewa ipite, na okota majani makubwa ya mkungu kabla hayajaufunika ukoka. Mara nyingi hilo linatosha, na jua likirudi baka hujifunga. Chini ya mwembe mkubwa ambako jua halifiki kabisa, ukoka hautaota hata ukitibiwa namna gani. Panda mimea ya kivuli.

Kujaza mabaka

Sehemu zilizokufa zijazwe mvua za kwanza za masika zinapoulowesha udongo, ili mbingu ifanye kazi ya mpira wa maji. Tifua baka kwa kina cha sentimita 10, changanya samadi iliyoiva, sawazisha, na upande vipande vya ukoka wako mwenyewe, ambao tayari umeizoea ardhi yako, kila kimoja kikiwa na vifundo viwili au vitatu, umbali wa sentimita 15 hadi 20. Fukia vifundo, acha majani juu, kanyaga kidogo kwa bapa la mguu. Hapo tu, kwa wiki mbili za kwanza, ndipo maji machache ya kila siku yanapofaa, kwa kuwa mizizi bado haipo. Baada ya hapo rudi kwenye mwagilio mzito. Zungushia kamba ili watu na mbuzi wasipite, na usikate mpaka machipukizi yawe yamefikia sentimita 5 au 6 na shina likivutwa linakataa kutoka.